Kipupwe cha Milima ya Kigezi: Historia Fupi ya Baridi na Jiko

Kila mwaka, tufikapo kwenye somo la majira katika kidato cha kwanza, tumezoea kuandika ubaoni maneno manne: masika, vuli, kiangazi, kipupwe. Tumezoea pia kuyaeleza kama tulivyoelezwa sisi wenyewe chuoni, yaani kwa hali ya hewa ya pwani. Masika ni mvua kubwa. Vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Kiangazi ni wakati wa jua kali. Na kipupwe ni majira ya baridi, wakati upepo wa kusi unapovuma, kati ya Juni na Agosti. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, na somo linakwisha.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, mwanafunzi wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na sisi huku tuna kipupwe?" Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa shule hata milingoti ya mpira haikuonekana, na watoto walikuwa wameficha mikono ndani ya mikono ya sweta. Sisi tulijibu kwa haraka kwamba kipupwe ni neno la watu wa pwani. Darasa likanyamaza. Lakini jibu lile halikuturidhisha, na kwa kweli lilikuwa kosa. Katika makala haya tunakusudia kulisahihisha. Tutaeleza baridi ya milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na vyakula ambavyo baridi hiyo imevilea, kwa maana kwetu mambo haya mawili hayatenganiki. Atakayeandika historia ya baridi ya Kigezi hana budi kuingia jikoni.

Baridi yenyewe na majina yake

Nchi iliyoitwa Kigezi wakati wa ukoloni leo imegawanyika katika wilaya kadhaa, zikiwemo Kabale, Kisoro, Rukungiri, Kanungu, Rubanda na Rukiga. Mji wa Kabale umo katika kimo cha karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka vinapita kimo hicho. Upande wa Kisoro husimama Muhavura, mlima wa volkano wenye meta 4,127, mpakani mwa Uganda na Rwanda. Tuko karibu sana na ikweta. Hata hivyo mgeni afikaye kutoka Kampala bila koti hujuta jioni ya kwanza.

Miezi ya baridi kuu ni Juni na Julai. Jambo hili huwashangaza wageni, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo ya ukavu, na wao hudhani ukavu na joto ni ndugu. Sababu yake si ngumu. Wakati wa mvua mawingu hutanda usiku kucha kama blanketi, nayo huzuia joto la ardhi lisipotee. Mawingu yakiondoka, joto lote lililokusanywa mchana hupaa angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka vilimani na kutuama mabondeni. Hapo usiku joto hushuka hata kufikia kiasi cha digrii 10, na pengine chini yake. Alfajiri mabonde yote huwa yamejaa ukungu mweupe, na vilele vya vilima huonekana juu yake kama visiwa. Jua likishapanda vizuri, ukungu hutoweka, na mchana huwa mzuri kuliko nyakati zote za mwaka.

Hapa mwalimu wa lugha ana la kujifunza. Kiswahili kimelipokea neno baridi kutoka Kiarabu. Lugha za milimani hazikuhitaji kuazima. Warukiga husema embeho, Wanyarwanda husema imbeho, na mwenye sikio atatambua mara moja kwamba maneno hayo ni ndugu wa upepo na pepo wa Kiswahili. Asili yao ni moja katika lugha za Kibantu. Pwani, ambako upepo ni neema ya jahazi, neno lilibaki na maana ya hewa inayovuma. Milimani, ambako upepo huuma mifupa, neno lilichukua maana ya baridi. Wanyarwanda nao wana majira manne yenye majina kamili: umuhindo, urugaryi, itumba, na impeshyi, ambayo ndiyo majira marefu ya ukavu yanayoangukia miezi ile ile ya kipupwe. Basi ni wazi kwamba kipupwe tunacho. Jina lake tu ndilo lililokuwa halijakutanishwa na hali yetu.

Mtama na uji wake

Kabla ya mazao ya ng'ambo kuingia, chakula cha milima hii kilisimama juu ya mtama, ulezi, na mbaazi ndogo za baridi ambazo Warukiga huziita amashaza. Mtama wa Kirukiga, yaani omugusha, hupandwa kati ya Desemba na Februari, na kwa sababu ya baridi huchukua zaidi ya nusu mwaka shambani. Mtama wa nchi za joto huwa tayari mapema zaidi. Wa kwetu hungoja, na huvunwa Julai na Agosti. Tazama basi mpango huu wa maumbile: mwezi ambao mwili unadai kitu cha moto ndio mwezi ambao ghala linapokea nafaka mpya. Ndiyo maana katika kumbukumbu za watu wa Kigezi baridi na uji mpya wa mtama huja pamoja, kama mtu na kivuli chake.

Uji huo huitwa obushera, na Wanyarwanda huuita ubushera. Si uji wa kukoroga na kunywa papo hapo tu. Una elimu yake, nayo twaona yafaa kuiandika, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wetu hununua unga wake tayari dukani.

Kwanza nafaka huloweshwa katika maji usiku kucha. Kisha huchanganywa na majivu ya kuni. Mtama wetu mwekundu una uchungu, na majivu ndiyo yanayoupunguza uchungu huo. Baada ya hapo hufunikwa mahali penye joto kwa siku tatu au nne, mpaka uchipue. Mtama uliochipua huanikwa juani, husuguliwa ili majivu na vichipukizi vitoke, ndipo husagwa. Kimea hiki huitwa amamera. Mpishi huchemsha maji, hukorogea unga, huuacha upoe kiasi, kisha huongeza unga wa kimea. Kimea hicho huugeuza uji kuwa mwepesi na mtamu bila sukari hata punje moja.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Uji uliokaa siku moja ni wa watoto, wazee na wagonjwa. Uliokaa siku kadhaa huchachuka, nao ni wa watu wazima watokao shambani. Ukiongezwa asali huwa enturire, kinywaji cha harusi na cha kupokea wageni wa heshima. Ukiachwa uchachuke kabisa huwa omuramba, pombe yenye nguvu, inayonywewa kwa mirija kutoka katika chungu kimoja. Kwa hiyo nafaka moja iliwahudumia watu wa rika zote, kuanzia mtoto aliyeachishwa ziwa hadi mzee wa baraza, na kila hatua ya uchachu ilikuwa na jina lake na adabu yake. Mtaalamu wa Kimarekani May Edel, aliyeishi kati ya Warukiga mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ambaye kitabu chake kuhusu watu hao kilichapishwa 1957, alikuta jamii isiyokuwa na mfalme. Kila ukoo ulijitegemea kilimani pake. Katika jamii ya namna hiyo, chungu kilichozungukwa na mirija kilikuwa mojawapo ya mahali ambapo majirani walikutana wakasikilizana.

Jiko lilikuwa katikati ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Moshi ulipenya paani polepole, ukiua wadudu na kukausha nafaka zilizotundikwa juu. Mbuzi na ndama walilala ndani, nao walichangia joto. Mafiga matatu ndiyo yaliyokuwa kitovu cha yote. Hapa tena lugha inatukumbusha undugu wetu: figa na mafiga ya Kiswahili, ishyiga na amashyiga ya Kinyarwanda. Watu waliokuwa hawajaonana kwa mamia ya miaka waliendelea kuinjika vyungu vyao juu ya mawe yenye jina moja.

Mgeni kutoka ng'ambo

Leo ukimwuliza mtoto wa Kabale chakula cha kwao ni nini, hatataja mtama kwanza. Atasema emondi, yaani viazi mviringo. Lakini viazi hivi ni wageni, na historia yao ni ndefu.

Viazi mviringo vilianza kulimwa katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, maelfu ya miaka iliyopita, na watu wa nchi za juu zinazolizunguka ziwa Titicaca. Wahispania walivipeleka Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 16. Huku kwetu vilifika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na wamisionari, askari na maofisa wa Kizungu. Mapadri Weupe walifika Rwanda mwaka 1900, na mwaka 1903 wakafungua misheni ya Rwaza katika milima ya kaskazini yenye baridi. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1910 yalichora mipaka kati ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji katikati ya milima hii. Lakini mbegu ya kiazi haikuijua mipaka hiyo. Ilivuka mkononi mwa mkwe, mkobani mwa mchuuzi, na kikapuni mwa mwanamke aliyekwenda kumwangalia nduguye upande wa pili.

Majina yanatusimulia safari hiyo. Wanyarwanda huviita ibirayi, na wengi huona ndani yake jina la Uburayi, yaani Ulaya. Nasi Waswahili tunasema viazi ulaya. Pwani hutumika pia mbatata, neno lililotoka kwa Wareno. Wareno nao walilitoa katika visiwa vya Karibi, ambako lilikuwa jina la viazi vitamu, wala si la viazi mviringo. Ajabu ni kwamba huku bara mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kwa Waganda lumonde ni kiazi kitamu. Kwa Warukiga emondi ni kiazi mviringo. Wareno na watu wa milimani hawakupata kushauriana, lakini wote wawili walimvisha mgeni nguo ya mwenyeji.

Kwa nini mgeni huyu alipokewa vizuri? Jibu ni baridi. Kiazi mviringo hakipendi usiku wa joto. Huko hutoa majani mengi na vizizi vidogo. Usiku wa baridi ndio unaokinenepesha. Zaidi ya hayo, kiazi huwa tayari kwa miezi mitatu au minne, wakati mtama ungali kijani shambani. Akina mama, ambao ndio wakulima hasa wa milima hii, waliliona jambo hilo kabla ya ofisa yeyote kulieleza. Walikipanda kiazi, wakakiinjika katika chungu kimoja na maharagwe, ambayo nayo asili yake ni Amerika, na hapo kikazaliwa chakula ambacho leo tunakiita cha asili.

Bibi yetu, tuliyemwita Kaaka, alikuwa na taratibu zake. Maharagwe yaliwekwa motoni alasiri kwa kuni za mti wa wato, ambazo huwaka taratibu na kuacha makaa mengi. Yalipokaribia kulainika, viazi viliongezwa pamoja na maganda yake, juu yake majani ya mgomba, kisha kifuniko. Viazi vidogo visivyofaa chungu tuliachiwa sisi watoto tuvichome jivuni. Tulivigeuza kwa kijiti, tukavipapasa kwa vidole na kuvirusha mkono kwa mkono, mpaka ganda lililoungua lipasuke na mvuke utoke. Nje ukungu ulikuwa umeshafika mlangoni. Kaaka alikuwa akisema kwamba baridi ni mgeni ambaye hapigani na mtu aliyeshiba. Mpaka leo, tukisikia harufu ya ganda la kiazi lililoungua, hata kama tuko mjini katikati ya magari, tunajiona tumerudi penye mafiga yale.

Mwaka wa Ruzagayura

Tusimsifu mgeni huyu, hata hivyo, bila kueleza alivyowahi kutusaliti. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ugonjwa wa ukungu wa viazi, ule ule ulioleta njaa kuu huko Ireland kuanzia 1845, ulienea katika Afrika ya Mashariki. Ugonjwa huu hustawi penye ubaridi na unyevu. Yaani hali ile ile inayokinenepesha kiazi ndiyo inayomlea adui yake. Majani huwa na madoa meusi, na katika siku chache shamba zima huonekana kana kwamba limemwagiwa maji ya moto.

Katika Rwanda ugonjwa huo ulikutana na ukame, na vilevile na masharti mazito ya wakati wa vita. Matokeo yake yalikuwa njaa ya 1943 na 1944, iliyopewa jina la Ruzagayura. Watu wengi sana walikufa, na wengine wengi walivuka mipaka kutafuta chakula. Kaaka alikuwa msichana wakati huo. Alisimulia kwamba wageni walipita njiani wakibeba mikeka, vibuyu na majembe ili kuvibadilisha kwa kikapu cha mtama. Mama yake alikuwa na vikapu viwili tu. Alitoa kimoja. Kilichobaki kilipikwa uji mwepesi kwa wiki nyingi, na tangu hapo nyumbani kwao ikawa sheria kwamba shamba la viazi lisiwe kubwa kuliko shamba la mtama.

Tulipokuwa vijana tuliona sheria ile kama ukaidi wa wazee. Leo twaona ilikuwa elimu ya historia, ila haikuandikwa kitabuni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao; yeye aliipanda methali hiyo ardhini kila mwaka.

Baadaye wataalamu walilichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 1979 Rwanda ilianzisha mpango wa taifa wa kuboresha viazi huko Ruhengeri, chini ya milima ya volkano, na katika miaka ya 1980 ikatolewa mbegu iliyoitwa Kinigi, kwa jina la mahali penyewe. Mbegu hiyo ilivuka mpaka na kuingia Uganda kama wazee wake walivyovuka. Kwa upande wa Uganda, kituo cha utafiti cha Kalengyere, katika vilima vya Kigezi, kimeshughulikia mbegu zinazostahimili magonjwa. Viazi vya Kigezi husafiri kwa malori zaidi ya kilometa 400 hadi Kampala, na ada za wanafunzi wetu wengi hutoka katika magunia hayo.

Waliohamia nchi ya joto

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo mara nyingi husahauliwa. Watu walikuwa wengi mno vilimani, na mashamba yalikuwa yamegawanywa yakawa vipande kama mikeka. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni, ikiongozwa katika kazi hiyo na ofisa wa kilimo J. W. Purseglove, ilianza kuwahamisha watu kutoka kusini mwa Kigezi kwenda sehemu za kaskazini zilizo chini zaidi na zenye joto. Baadaye wengine walikwenda Ankole, Toro na Bunyoro. Maelfu kwa maelfu walihama. Vitabu vinasifu kazi hiyo kwa utaratibu wake, na ni kweli kwamba waliohama walipata ardhi.

Lakini vitabu havisemi neno juu ya ulimi. Baba mkubwa wetu alikuwa mmoja wa waliohama katika miaka ya 1950. Alipata shamba pana, ndizi zikastawi, watoto wake wakasoma. Kila Julai alirudi kilimani kututembelea, na sote tulijua kwamba alikuja kuitembelea baridi. Alikaa nje alfajiri, amejifunika shuka, akiutazama ukungu. Aliletewa amashaza yaliyopondwa na kuungwa samli, akala polepole bila kusema. Alipoondoka alichukua mfuko wa amamera. Mama mkubwa alijaribu kutengeneza obushera huko kwao. Lakini katika joto lile uji ulichachuka upesi mno, siku moja ikafanya kazi ya siku tatu, nao haukupata utamu wa kwanza. "Unga ni ule ule," alilalamika, "mkono ni ule ule, lililokosekana ni usiku." Hatujapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Katika mapishi ya milimani baridi yenyewe ni kiungo, na kiungo hicho hakibebeki mfukoni.

Baridi inayopungua

Imetupasa sasa kusema jambo lisilofurahisha. Baridi tunayoikumbuka inapungua. Wazee wanasema hivyo, na mtu anaweza kudhani kwamba ni kawaida ya wazee kuusifu wakati wao. Lakini ushahidi upo. Barafu ya milima ya Ruwenzori, kaskazini mwa Kigezi, ilienea kiasi cha kilometa za mraba 6.5 mwaka 1906. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba. Milima inayopoteza barafu yake haiwezi kuwa imebaki na hali ya hewa ya zamani.

Katika Kigezi kwenyewe dalili ilikuja kwa njia ya maradhi. Kwa vizazi vingi baridi ilikuwa ngao yetu dhidi ya malaria, kwa kuwa mbu na vimelea vya homa hiyo havistawi penye baridi kali. Waliohamia kaskazini waliijua tofauti hiyo mapema. Kisha, baada ya mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 1997, malaria ililipuka Kabale mwaka 1998. Hospitali zilijaa watu ambao miili yao haikuwa imeizoea homa hiyo. Tulikuwa wanafunzi wakati huo, na tulizika wenzetu. Tangu hapo hatuwezi tena kuizungumza baridi kama jambo la kufurahisha tu. Ilikuwa ukuta wa nyumba yetu, na ukuta umepata ufa.

Pamoja na baridi, elimu ya jikoni nayo inafifia. Nyumba za bati hazina mahali pa mafiga katikati, na hilo si baya, kwa kuwa moshi ule uliharibu macho ya mama zetu. Sisi hatutaki kurudisha moshi. Tunachosikitikia ni dharau. Tulipokuwa shule ya bweni, mwenzetu mmoja aliletewa chupa ya obushera siku ya wageni. Msimamizi wa zamu aliimwaga mbele ya watu wote, akisema kwamba kinywaji cha kishamba hakiingii bwenini. Wengine tulicheka. Mama aliyekuwa ameibeba chupa ile kwa miguu kutoka upande wa pili wa ziwa Bunyonyi aliiokota, akaifuta kwa khanga yake, akaiweka kikapuni. Hakusema neno. Kicheko kile bado kinatuuma hadi leo, na labda ndicho kilichotufanya tuandike makala haya.

Kaaka alifariki kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa maneno yake. Tulikuwa na diploma ya ualimu mkononi, tukawafundisha watoto wa wengine kuandika insha kuhusu bahari tusiyoiona kila siku, na hatukumwuliza ni siku ngapi hasa mtama hukaa na majivu wakati baridi imezidi. Tulijua siku tatu au nne. Yeye alijua kwa kuutia mkono na kunusa.

Wajibu wa mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Tunajibu kwamba yanamhusu sana. Katika nchi kama Uganda, ambako Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, watu wengi bado hukiona kama lugha ya mbali: lugha ya askari, ya soko, au ya pwani. Sisi walimu tumechangia kosa hilo. Tumefundisha kipupwe kana kwamba ni cha Mombasa na Unguja tu. Tumefundisha msamiati wa pweza na madema, nao ni mzuri; lakini hatukumwonyesha mtoto wa milimani kwamba mafiga ya kitabuni ndiyo mafiga ya bibi yake, na kwamba upepo wa kitabuni ni ndugu wa embeho inayomuuma masikio asubuhi. Lugha inayoweza kuibeba baridi ya mtoto, njaa ya bibi yake na utamu wa chungu cha nyumbani kwao haiwezi tena kuwa lugha ya kigeni kwake.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja, nalo halihitaji kitabu wala fedha. Mwezi wa Juni ufikapo, kila mwanafunzi apewe kazi ya kumhoji mzee mmoja wa nyumbani kuhusu chakula kimoja cha wakati wa baridi: kinapandwa lini, kinaandaliwaje, nani hukila kwanza, na mwaka gani kilikosekana. Aandike kwa Kiswahili, na majina ya kwao ayaache kama yalivyo, akiyaeleza kwa maneno yake. Sisi tumelijaribu zoezi hili kwa miaka mitatu. Daftari zimejaa. Zimo namna za kupika amashaza ambazo hatukuwahi kuzisikia, na zimo habari za Ruzagayura kutoka kwa watu waliozirithi kwa wazazi wao. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba babu yake alimfukuza mara mbili kwa kuuliza maswali ya kijinga. Mara ya tatu akamwambia aketi, akaongea hadi usiku wa manane.

Na yule kijana wa dawati la nyuma? Mwaka uliofuata tulirudi katika somo la majira, tukaandika ubaoni maneno yale yale manne. Yeye alikuwa amekwisha kupanda kidato, lakini swali lake tulilibakiza. Tuliwauliza wanafunzi wapya: "Je, sisi huku tuna kipupwe?" Nje ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Walitazama dirishani, wakatazamana, kisha msichana mmoja akasema: "Tunacho, mwalimu. Ndio wakati wa mtama mpya."

Tuliliandika jibu lake ubaoni, chini ya neno kipupwe, na darasa zima likalinakili.